Kanisa Lililorudisha Pesa

Mwaka 144 kanisa la Roma lilimrudishia mtu sadaka yake. Na si pesa ya mandazi. Zilikuwa sesterti 200,000, sarafu za Kirumi, na aliyezitoa alikuwa tajiri wa meli aliyeitwa Marcion, mtu wa Sinope, mji wa bandari ulioko Uturuki ya leo. Alifika Roma karibu mwaka 140, akajiunga na Wakristo wa pale, akawawekea mzigo huo mezani. Ukitaka kujua uzito wake, askari wa kawaida wa jeshi la Roma wakati huo alilipwa sesterti 1,200 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe. Ni mshahara wa askari mmoja kwa miaka 166 na ushee.

Baadaye Marcion akaanza kufundisha kwamba Mungu wa Agano la Kale si yule Baba aliyehubiriwa na Yesu. Wazee wa kanisa wakakaa naye, wakabishana, hawakuelewana. Wakamtoa. Na pesa zake wakampa akaondoka nazo. Anayetusimulia haya ni Tertullian, mwandishi wa Carthage, ambaye hakumpenda Marcion hata kidogo.

Sasa hebu fikiria kanisa la mtaani kwenu likijaribu kumrudishia mheshimiwa mchango wa miaka minne iliyopita. Ungeambiwa tayari umekuwa mabati.

Lakini sisi pia tumewahi kuona kitu kama hicho, tena juzi tu. Jumapili ya tarehe 17 Novemba 2024, Rais William Ruto alikuwa kwenye kanisa Katoliki la Soweto, Kayole. Alitoa milioni 2 za nyumba ya mapadre na 600,000 za kwaya na watoto wa utume, akaahidi milioni 3 zaidi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akatangaza kwamba pesa hizo zitarudishwa. Ilikuwa siku chache tu baada ya maaskofu Wakatoliki kuikosoa serikali hadharani, na mwaka ule ule ambao vijana walikuwa wameanza kulalamika wazi kwamba wanasiasa wamegeuza madhabahu kuwa jukwaa. Watu walishangaa sana. Wengine walisema ni siasa, wengine wakasema ati kanisa linaringa.

Mimi nilichoona ni kwamba watu wengi hawakujua jambo hilo ni la kale. Tumelelewa na sentensi moja: toa, na usiulize. Ukiuliza hesabu ya mradi wa ujenzi unaambiwa una roho ya uasi. Ukiuliza pesa ya mjane imefika wapi, ati unamhukumu mtumishi. Na vijana wenzangu wengi wameamua njia rahisi: hawaulizi, na hawatoi. Wanatuma mia moja kwa M-Pesa siku ya Pasaka na wamemaliza. Nawaelewa. Lakini ukirudi kwenye karne tatu za kwanza za Ukristo unakuta watu waliotoa kuliko sisi, na waliuliza maswali kuliko sisi pia.

Anza na Paulo. Miaka ya 50 alikuwa akizunguka Makedonia na Ugiriki akikusanya mchango wa maskini wa Yerusalemu. Waliomshangaza ni Wamakedonia, watu waliokuwa hohehahe, wakaomba wenyewe wasiachwe nje ya mchango huo. Sura hiyo, 2 Wakorintho 8, ndiyo inasomwa kila wakati wa harambee. Ila tunasoma nusu. Ukishuka chini kidogo unakuta Paulo anaeleza nani atabeba pesa. Anamtuma Tito, na pamoja naye ndugu wawili, mmoja wao amechaguliwa na makanisa yenyewe, si na Paulo. Na anatoa sababu bila kuzunguka: hataki mtu apate la kumlaumu kuhusu mchango mkubwa hivyo, kwa hiyo anajali aonekane mwaminifu mbele za watu pia, si mbele za Mungu tu. Huyu ni Paulo, wasee! Mtu aliyeandika nusu ya vitabu vya Agano Jipya anakubali kusimamiwa na kamati. Na kiongozi wa leo anakwambia namba ya kutuma sadaka ni ya simu yake.

Kuna kitabu kingine kidogo ambacho natamani kingesomwa kila mahali panapotajwa kupanda mbegu. Kinaitwa Didache. Kilikuwa kimepotea mpaka mwaka 1873, askofu Mgiriki Philotheos Bryennios alipokipata kwenye maktaba huko Konstantinopoli, akakichapisha mwaka 1883. Ni mwongozo wa makanisa ya mwanzo kabisa, na una sheria za manabii wanaosafiri ambazo zingevunja biashara nyingi hapa Nairobi. Nabii akija, mkaribishe. Akikaa siku tatu, ni wa uongo. Akiondoka, apewe chakula cha njiani, basi. Akidai pesa huku anasema ni Roho anayeongea, ni wa uongo. Lakini akisema toeni kwa ajili ya wengine wenye shida, hapo hamna ruhusa ya kumhukumu. Ona vile walivyochora mstari. Kuomba pesa hakukuwa dhambi. Walichokiangalia ni zinaelekea mfuko wa nani. Na kitabu hicho hicho kinachoagiza kumpa kila anayekuomba, papo hapo kinakuambia uishike sadaka yako kwanza mpaka umjue unayempa. Kwao mambo hayo mawili yalikaa nyumba moja.

Pesa zenyewe zilifanya nini? Tertullian anajibu, kwenye kitabu cha kuwatetea Wakristo alichoandika karibu mwaka 197. Palikuwa na sanduku. Kila mtu aliweka kidogo mara moja kwa mwezi, akitaka na akiwa nacho, bila kulazimishwa. Hazikuenda kwenye karamu. Zililisha maskini na kuwazika, zikalea yatima, zikatunza wazee wasioweza tena kutoka nyumbani, watu waliovunjikiwa na meli, na waliofungwa gerezani au kupelekwa migodini kwa sababu ya imani. Kufikia mwaka 251 askofu Cornelius wa Roma aliweza kuandika kwa barua idadi yao: wazee wa kanisa 46, mashemasi 7, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 wanaotunzwa na kanisa. Kwa hesabu hiyo, kila shemasi mmoja ana wahitaji zaidi ya 200. Mimi hapo ndipo naona uaminifu, kwamba walijua idadi. Muulize mtu kanisani kwenu leo wako wajane wangapi.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya Afrika. Karibu mwaka 253 wavamizi waliingia Numidia, Algeria ya leo, wakateka Wakristo, wanawake kwa wanaume. Maaskofu wanane wa huko wakaandikia Carthage kuomba msaada. Cyprian, askofu wa Carthage, akachangisha sesterti 100,000 za kuwakomboa (pesa ya Roma ilikuwa imeshuka thamani kufikia hapo, kama shilingi yetu, lakini bado ni nyingi). Barua yake ipo hadi leo. Ndani yake anataja jumla iliyotumwa, kisha anaambatisha majina ya waliochanga ili wakombolewa wawaombee. Kuna maaskofu wengine waliokuwa Carthage siku hizo wakachanga kidogo kwa niaba ya watu wao, na Cyprian anaonyesha kiasi chao pembeni, hakichanganywi na cha Carthage. Mwishoni anawaambia yakitokea tena wasisite kuandika. Manze, hiyo ni risiti! Ya karne ya tatu, bila simu, bila benki, imeandikwa na askofu ambaye serikali ya Roma ilikuja kumkata kichwa mwaka 258.

Na pesa chafu? Waraka mmoja wa Siria wa karne hiyo ya tatu, Didascalia, unaorodhesha watu ambao kanisa lisipokee kutoka kwao: wanaowatesa watumwa wao, wenye mizani ya kudanganya, mahakimu wanaopindua kesi, na wengine wengi. Askofu akisema lakini wajane watalala njaa, waraka unamjibu kwamba afadhali njaa. Halafu unakuja na kipengele ambacho huniacha nikitabasamu. Ikitokea umelazimika kupokea senti kidogo za mtu kama huyo, usinunue chakula. Nunua kuni.

Nisije nikawapaka rangi nzuri wote, kwa sababu hawakuwa malaika. Wakati wa Kaisari Commodus, kati ya mwaka 180 na 192, alikuwapo Roma Mkristo mmoja, Carpophorus, mtu wa nyumba ya Kaisari. Alikuwa na mtumwa Mkristo, Callistus, akampa mtaji afungue benki mahali palipoitwa Piscina Publica. Wajane na ndugu wa kanisa wakaweka akiba zao pale kwa sababu ya jina la Carpophorus. Unajua inavyoendelea, si hata kwetu chama huletwa na mtu wa maombi ukaona hakuna haja ya kusoma masharti? Pesa zikapotea zote. Callistus akakimbilia bandarini, akapanda meli, na alipomwona bwana wake anakuja akajirusha majini. Mabaharia wakamvuta, akarudishwa Roma, akafungwa kwenye kinu cha kusaga nafaka.

Anayesimulia ni Hippolytus, adui yake mkubwa, kwa hiyo punguza chumvi kidogo. Ila kwa mujibu wake, walioenda kumwombea Callistus atolewe kinuni walikuwa ni wale wale waliopoteza pesa, maana walitumaini kuna mahali amezikopesha na akiwa huru atazifuatilia. Hakupata kitu. Baadaye alipelekwa migodi ya Sardinia, akaachiliwa, na miaka ikapita. Askofu Zephyrinus akamkabidhi makaburi ya kanisa ayasimamie, na karibu mwaka 217 Callistus mwenyewe akawa askofu wa Roma. Makaburi hayo bado yapo kando ya barabara ya Via Appia na yanaitwa kwa jina lake. Watalii hushuka ngazi kuyaona.

Wale wajane majina yao hayapo popote. Tunajua tu kwamba waliweka pesa, kwa sababu mtu mmoja mwenye hasira hakukubali jambo hilo liachwe bila kuandikwa. Kwenu hesabu ya kanisa husomwa lini, na nani husimama kuisoma?