Kamera za Mtumba Kandokando ya Uwanja wa Kirumba

Uwanja wa CCM Kirumba, ndani ya Manispaa ya Ilemela, uliona timu za soka za Pamba na Toto Africans zikicheza wakati kamera bado zinatumia mkanda wa picha 36. Nikon F5 ya mwaka 1996, iliyopiga picha 8 kwa sekunde, ilimaliza mkanda mzima kabla ya sekunde 5. Hapo gharama ya kusafisha picha haijahesabiwa!

Nikon D1, ya dijitali, ilitoka mwaka 1999 ikiwa na megapikseli 2.7. Iliuzwa kwa maelfu ya dola, bei ya mashirika makubwa ya habari.

Wenye mfuko mwembamba waliokolewa na mtumba. Canon EOS 7D ya mwaka 2009 nayo hupiga picha 8 kwa sekunde, na shata yake ilikadiriwa kuhimili mipigo 150,000. Ndiyo maana mnunuzi makini huulizia kwanza idadi ya mipigo. Mikwaruzo ya nje si hoja. Kamera hiyo hupokea lenzi za EF, zilizoanza mwaka 1987, na fedha inayobaki ni heri iende huko: mechi ya jioni, yenye mwanga hafifu, hudai lenzi yenye tundu pana la f/2.8.