Umeme wa Jinja na Sigiri ya Jaja

Nyumbani kwetu Kawempe, jijini Kampala, kuna mita ya umeme ukutani na sigiri ya makaa mlangoni. Umeme huwasha taa, televisheni na pasi. Sigiri hupika matooke, maharage na chai. Siku moja nilimwuliza Jaja, yaani bibi yangu, kwa nini sijawahi kumwona akipika kwa umeme. Akanijibu, "Mjukuu wangu, umeme ni wa kuangazia, makaa ni ya kupikia." Wengi husema wazee wetu wanapenda makaa kwa sababu ya mazoea tu. Katika insha hii nitaonyesha kwamba jibu la Jaja limetokana na historia, na historia hiyo inaanzia Jinja.

Bodi ya Umeme ya Uganda iliundwa mwaka 1948, na bwawa la Owen Falls kwenye mto Nile likafunguliwa na Malkia Elizabeth II tarehe 29 Aprili 1954. Serikali ya kikoloni haikulijenga kwa ajili ya vyungu vya wananchi. Ilitaka viwanda. Umeme ule uliendesha kiwanda cha nguo cha Jinja na kuyeyusha shaba iliyotoka Kilembe, na sehemu yake iliuzwa Kenya. Kampala, iliyo karibu kilomita 80 kutoka bwawani, ilipata nyaya pia, lakini nyumba za vilimani kama Nakasero na Kololo ndizo zilizofaidi. Jaja alikulia Katwe, bondeni. Anakumbuka kwamba usiku aliziona taa za vilimani huku nyumbani kwao wakiwasha tadooba, kile kitaa cha mafuta chenye moshi mweusi.

Baada ya uhuru wa 1962 nyaya zilianza kusogea. Kisha ikaja miaka ya Idi Amin na vita vilivyofuata. Mitambo ya Owen Falls ilikosa vipuri na matengenezo, na umeme ukapungua. Aliyekuwa na jiko la umeme alijifunza kuweka sigiri karibu, maana hakujua umeme ungekatika saa ngapi. Nadhani hapo ndipo mazoea yalipozaliwa: watu hawakuukataa umeme, bali umeme ndio uliowaacha.

Mwaka 1999 ilipitishwa sheria mpya ya umeme, na mwaka 2001 Bodi ikagawanywa katika kampuni tatu za kuzalisha, kusafirisha na kusambaza. Mwaka 2005 usambazaji ulikabidhiwa kwa kampuni binafsi. Wakati huohuo maji ya ziwa Viktoria yalishuka sana, kwa ukame na kwa maji mengi kupitishwa katika mabwawa. Mgao wa umeme wa mwaka 2006 ulikuwa mkali, na serikali ikakodi mitambo ya dizeli ambayo umeme wake ni ghali. Kwa muda serikali ilibeba sehemu ya gharama. Ilipoacha, Januari 2012, bei ya yuniti moja kwa nyumba ilipanda kutoka shilingi 385.6 hadi 524.5.

Mimi mwenyewe nilijaribu kumbishia Jaja. Nilinunua jiko dogo la umeme la wati 1,000, nikachemsha maharage kwa saa mbili. Hesabu ni rahisi: yuniti 2. Siku mbili baadaye mita ilizima jioni nikiwa na mtihani kesho yake, na Jaja akanipa mshumaa bila kusema neno. Makaa yananunuliwa kwa kopo, kwa fedha ya leo, na moto uliobaki unachemsha maji ya kuoga.

Tangu 2022 kuna bei ya kupikia. Yuniti 15 za kwanza za mwezi ziliuzwa shilingi 250 kila moja, za 16 hadi 80 kwa bei kamili iliyozidi shilingi 700, na za 81 hadi 150 kwa shilingi 412. Tazama mpangilio huo. Ili ufikie bei ya kupikia, lazima kwanza umalize yuniti 80. Nyumba inayotumia taa na televisheni tu haifiki huko. Nafuu iliwekwa mahali ambapo Jaja hawezi kuigusa.

Hata hivyo, makaa nayo yana gharama isiyoonekana sokoni. Magunia yalitoka Nakasongola na Luweero, kisha yakatoka mbali zaidi, mpaka kaskazini, ambako mwaka 2023 Rais alipiga marufuku ukataji miti kwa ajili ya biashara ya makaa. Kwa upande mwingine, bwawa la Karuma lenye megawati 600 lilizinduliwa 2024. Leo nchi ina umeme mwingi, na misitu inazidi kupungua.

Kwa hiyo naona kuwalaumu akina Jaja si haki. Kwa miaka 70 umeme umepangwa kwa ajili ya viwanda, kisha kwa ajili ya taa, na jiko limekuja mwisho. Bei nafuu ya kupikia ingeanza mapema katika mwezi, na majiko yanayopika kwa umeme mdogo yakauzwa kwa kulipa kidogo kidogo, ningemwuliza Jaja tena. Nimelihifadhi lile jiko langu chini ya kitanda, nikisubiri siku hiyo.