Hela Yetu Ilivyotoka Sandukuni Ikaingia Kwenye Simu



Kamati imeniomba niandike katika kitabu hiki cha miaka kumi jinsi sisi kina mama wa Kidatu tulivyokubali kuweka hela kwenye simu. Nimekubali, maana mabinti zetu wanadhani mambo haya yalianza na wao.

Kabla ya hapo hela ilisafiri mikononi mwa watu. Mnakumbuka: mtoto yuko shule Morogoro, unatia noti kwenye bahasha, unaigundisha vizuri, unamkabidhi kondakta wa basi alfajiri, halafu unashinda ukimwomba Mungu. Wengine tulimpa abiria wa treni ya TAZARA ampelekee ndugu Mlimba. Benki zilikuwepo, lakini tuliziona ni za wenye mishahara na wenye malipo ya miwa. Mama mwenye genge la nyanya alipe nauli, apange foleni, atafute picha mbili na barua ya mwenyekiti, yote hayo kwa ajili ya shilingi elfu tano? Alibaki na kibubu chake.

Kenya walianza M-Pesa Machi 2007. Kwetu Vodacom wakaileta mwaka 2008, na Tigo Pesa ikafuata mwaka 2010. Msidhani watu waliikimbilia! Katika miezi 14 ya mwanzo M-Pesa ilipata wateja kama 280,000 Tanzania nzima, wakati Kenya kwa muda kama huo walishafika milioni 2.7. Matangazo yalikuwepo, simu zilikuwepo. Mawakala ndio walikuwa wachache. Hela ukishaitia kwenye simu lazima awepo mtu wa kukutolea, tena awe karibu, tena awe na floti. Mawakala walipoongezeka mitaani, mambo yakageuka. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba hata mtu mzima mmoja kati ya watano hakufikiwa na huduma rasmi za fedha. Mwaka 2013 waliofikiwa walikuwa zaidi ya nusu, na wengi wao ni kwa njia ya simu.

Hapa kwetu, kwa nilivyoona mimi, watu hawakuanza kwa kuiamini kampuni. Walimwamini muuza duka. Yule tunamkopa sukari na mafuta ya taa, mama yake tunamjua, akikosea tunamfuata nyumbani.

Na kwa kweli wengi wetu hatukujiunga, tuliungwa. Kijana yuko Dar es Salaam anapiga simu: "Mama, sajili laini nikutumie." Utakataa? Ndiyo mwanzo wa adabu mpya, kwamba anayetuma kwa heshima anatuma na ya kutolea.

Liko jambo jingine ambalo halisemwi mbele ya wazee. Kibubu kilichoko chini ya kitanda kinajulikana na nyumba nzima. Simu ina namba ya siri. Mama akiuza mchele wake akaweka elfu kumi, hakuna wa kumuuliza jioni iko wapi. Najua ndoa zilizotikisika kwa hilo. Najua pia kina mama wasiojua kusoma ambao namba yao ya siri iko kichwani mwa mjukuu, kwa hiyo siri hapo hakuna.

Kikundi chenyewe kilichelewa kuliko mwanachama mmoja mmoja. Sisi tulikuwa na sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, kama vikundi vya VICOBA vyote. Uzuri wake ni kwamba hela ilihesabiwa mbele ya macho yetu. Ubaya wake aliujua aliyelitunza, maana kila ulipokaribia mgao alikuwa halali usingizi. Mwaka 2019 ilipotangazwa M-Koba, akaunti ya simu ya vikundi iliyoanzishwa na Vodacom pamoja na TPB Bank, tulibishana mikutano mitatu. Bibi mmoja alisimama akasema, "Hela nisiyoiona ikihesabiwa nitajuaje kama ipo?" Hakuna aliyemjibu vizuri. Tena mwenzetu alikuwa ametoka kuliwa hela ya hisa zake kwa ule ujumbe wa matapeli, "ile hela tuma kwa namba hii." Tukaahirisha.

Kilichotusogeza ni kuelezwa kwamba kwenye akaunti ya kikundi hela haitoki bila viongozi kuidhinisha, na wanachama wanapata ujumbe. Hiyo tuliielewa mara moja: ni zile kufuli tatu. Tukahamia. Julai 2021 zilipokuja tozo za miamala, baadhi yetu walirudi kulipa hisa taslimu, na hata zilipopunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huohuo, si wote waliorejea upesi.

Sanduku bado tunalo. Ndani yake mna daftari, muhuri na hela kidogo za mfuko wa jamii. Kila mkutano katibu anasoma salio kwa sauti, kisha simu inazungushwa mkono kwa mkono mpaka imfikie yule bibi. Anavaa miwani, anaitazama, anasema haya tuendelee.