Hesabu ya Wavu Mmoja

Lawama za leo juu ya uhaba wa samaki Ziwa Victoria, ziwe kwa wenye nyavu za kokoro, wenye nyavu za timba au viwanda vya minofu, huufanya uhaba huo uonekane wa juzi. Historia inasema vingine. Nyavu za makila, yaani za kutega, zilipoingia Ghuba ya Kavirondo upande wa Kenya mwaka 1905, ngege, perege wa asili wa ziwa, alikuwa kitoweo kikuu. Mtafiti wa uvuvi Michael Graham alipolichunguza ziwa mwaka 1927 hadi 1928, alikuta ngege katika kila wavu wamepungua, akashauri matundu yasiwe chini ya inchi 5. Sheria ikawekwa, lakini wengi waliongeza nyavu na kutumia matundu madogo. Mwaka 1956 Tanganyika na Uganda zikaifuta, na ngege akazidi kuadimika. Aliyetazama mzigo mwaloni aliona samaki bado wapo. Aliyehesabu samaki wa wavu mmoja kwa usiku mmoja alijua mapema kwamba ziwa linachoka.

Wapo wanaosema msiba wote uliletwa na sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950. Hoja hiyo ina uzito, kwani alipotamalaki Ghuba ya Mwanza miaka ya 1980, aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili, zilitoweka. Hata hivyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliofanya kazi Mwanza tangu 1977 walishuhudia mavuno ya furu yakishuka kabla ya hapo, pale meli za kukokota nyavu zilipokuwa zikilisha kiwanda cha unga wa samaki. Kisha sangara naye akafuata njia hiyo. Wavuvi wa ziwa zima waliongezeka kutoka takriban 129,000 mwaka 2000 hadi karibu 200,000 mwaka 2008, wakati makadirio ya sangara waliomo majini yalishuka kutoka zaidi ya tani milioni 1 mwaka 1999 hadi karibu tani 300,000 mwaka huo wa 2008.

Wengine watajibu kwamba jumla ya mavuno bado ni kubwa. Ni kweli, ila sehemu kubwa ya uzito huo sasa ni dagaa. Huku Kisesa, kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma, fungu la dagaa ni mboga ya heshima, lakini halithibitishi kwamba sato na sangara wako salama. Jumla inajazwa na samaki mmoja huku mwingine akiisha.

Tena husemwa kuwa kumbana mvuvi ni kumnyima mkate. Lakini anayeumia kwanza wavu unaporudi mtupu ni mvuvi huyohuyo, aliyekwisha kulipia mafuta. Kwa hiyo kila mwalo uandike mavuno ya kila chombo kwa kila safari, na idadi ya vyombo iamuliwe kwa daftari hilo. Ngege hakuandikiwa daftari la namna hiyo hapa kwetu. Sangara bado anaweza kuandikiwa.