Datsun 240Z: Utaitambuaje injini yake?

Datsun 240Z, iliyoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1971 na 1973, ilitoka kiwandani na injini ya L24, silinda sita, cc 2,393. Anayeifufua leo anaweza kukuta L26 au L28 ndani yake, kwani zote hukaa kwenye nafasi ileile. Tunashauri usome kwanza namba iliyogongwa ubavu wa kulia wa bloku, kisha ile ya silinda hedi. L28, cc 2,753, ina nguvu zaidi. Lakini ikifungwa hedi ya E31 ya L24, mgandamizo hupanda, na petroli ya oktani ndogo yaweza kuharibu pistoni. Anayejali thamani ya asili atafute L24 ambayo namba yake inalingana na ya kibati cha gari.