Mchezo wa zimamoto na watu tisa wa kijijini

Wiki hii hakuna somo la hifadhidata, mtanisamehe. Nimekuwa nikicheza! Na mchezo wenyewe umenikalisha hadi saa nane za usiku nikisoma historia ya zimamoto wa Ujerumani, kwa hivyo nanyi mtaisikia.

Mchezo unaitwa Emergency. Wa kwanza ulitoka mwaka 1998, kazi ya Sixteen Tons Entertainment, kampuni ya Ralph Stock, ambaye wapenzi wa michezo ya zamani wanamjua kwa Mad TV ya 1991. Mimi niliukuta ukiwa umefika toleo la nne, lile la 2006, kwenye CD ya kunakili katika saiba moja. (Najua, najua. Baadaye nililipia.) Kilichonishangaza ni kwamba kazi yenyewe hasa si kupiga watu risasi. Magari yamegongana, mtu amebanwa ndani, petroli inamwagika. Wewe unatazama kutoka juu na kuamua nani aende kwanza: gari la maji, gari la vifaa vya kukata vyuma, daktari, ambulensi, polisi wa kufunga barabara. Ukikosea mpangilio mtu anakufa huku daktari wako amekwama nyuma ya foleni ya magari uliyoisababisha mwenyewe.

Sasa, kwa nini Ujerumani? Mbona mfululizo kama huu haukuanzia Marekani, nchi ya filamu za wazima moto?

Jibu langu ni hili. Sisi tukisema zimamoto tunawaza watu wa mshahara wanaokaa kituoni. Ujerumani, ni miji kama 110 tu yenye kikosi cha kuajiriwa, na waajiriwa wote ni kama 35,000. Wanaojitolea ni karibu milioni moja. Ni fundi wa magari, mkulima, mwalimu, karani. King'ora cha kijiji kikilia, au kile kifaa kidogo cha kiunoni, anaacha kazi na kukimbilia kituoni. Sheria inamtaka mwajiri amwachilie, na manispaa hurudisha gharama ya saa hizo. Kwa hivyo mchezo huu ulipoingia madukani, wanunuzi wengi hawakuwa wakiota kazi ya ajabu ya watu wengine. Walikuwa wakicheza kazi ya baba, ya jirani, au yao wenyewe ya Jumanne iliyopita.

Mambo haya yalianza zamani. Mtaani nilikokulia duka liliwahi kuungua usiku. Tulikuwa watu zaidi ya mia, ndoo tele, na kila mzee akitoa amri yake. Hatukukosa ujasiri hata kidogo! Basi miji ya Ujerumani ilikuwa hivyo hivyo hadi karne ya 19: kuzima moto ulikuwa wajibu wa lazima kwa kila mkazi, na wakazi walifika na ndoo na vurugu. Meissen walianzisha kikosi cha kujitolea mwaka 1841. Durlach, mji mdogo karibu na Karlsruhe, wakafuata mwaka 1846, wakiwa na pampu ya mkono kutoka kwa Carl Metz wa Heidelberg. Tarehe 28 Februari 1847 jumba la maonyesho la Karlsruhe likashika moto, watu zaidi ya 60 wakafa ndani. Kikosi cha Durlach kilifika na pampu yake, kila mtu akijua mahali pa kusimama, kikauzuia moto usisambae. Habari zikaenea, na katika miaka iliyofuata vikosi vikachipuka mji kwa mji, vingi vikiundwa na vijana wa vyama vya mazoezi ya viungo.

(Mwaka 1938 serikali ya Wanazi ilipitisha sheria ya kuwaweka wazima moto chini ya polisi. Baada ya vita walirudi mikononi mwa manispaa.)

Huo utaratibu wa kila mtu na mahali pake upo hadi leo, na kama mwandishi wa programu naupenda sana. Kundi la msingi ni watu 9. Kiongozi, dereva ambaye pia huendesha pampu, tarishi, halafu jozi tatu: ya kushambulia, ya maji na ya mipira. Jozi ya kwanza inaingia ndani, ya pili inaleta maji, ya tatu inatandika mipira. Hakuna anayeingia kwenye moshi peke yake. Na wakiwapo ndani wenye mitungi ya hewa, lazima jozi nyingine isubiri nje, imevaa tayari, kwa ajili ya kuwaokoa wao tu.

Hapo ndipo mchezo unapodanganya. Ndani ya Emergency mzima moto ni mtu mmoja unayembofya na kumtuma ndani, na anakwenda! Kijana aliyepitia mafunzo hata ya msingi anaiona kasoro hiyo haraka sana.

Wakafanyaje? Toleo la nne lilikuja na kihariri chake, na liliruhusu skripti za lugha inayofanana na C++. Wachezaji wakaanza kutengeneza modi, yaani nyongeza zinazobadilisha mchezo wenyewe. Ziko za Wuppertal, Winterberg, Bieberfelde, na ile maarufu ya Los Angeles kwa wanaopenda magari ya Kimarekani. Ukizifungua unakuta uangalifu wa ajabu: gari lina vifaa vya gari la kweli, na taa zinawaka kama za huko. Ujuzi ulitoka kituoni ukaingia kwenye kompyuta. Nimetafuta mkondo wa kinyume, mtu aliyejifunza kuzima moto kwa kucheza, na sijaridhika.

Baadaye waundaji wenyewe wakafuata njia hiyo. Notruf 112 ya 2016 ilitengenezwa pamoja na kikosi cha Mülheim an der Ruhr. Firefighting Simulator ya 2020 inawaweka wachezaji hadi wanne pamoja, na afadhali sasa unaingia motoni na mwenzako.

Kuna jambo ambalo hakuna skripti inayoliandika. Katika mafuriko ya Julai 2021, yaliyoua zaidi ya watu 180 Ujerumani, wazima moto walikuwa miongoni mwa waliokufa. Na kabla ya siku kama hiyo kuna miaka ya kuosha mipira na kufanya mazoezi jioni. Vikosi vya vijana hupokea watoto tangu miaka kama 10, lakini wakikua wengi huhamia mijini, na hata wanaobaki hufanya kazi mbali, kwa hivyo mchana vijiji vingine havipati watu 9 wa kujaza gari.

Huko List, kwenye kisiwa cha Sylt, waliojitolea walipopungua mno katika miaka ya 2000, manispaa ilitumia kifungu cha sheria na kuanza kuwaita wakazi kwa lazima. Kama kabla ya Durlach.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, naahidi.