Mwali Alishwe au Ashindishwe Njaa? Historia ya Mlo wa Bibi Harusi, Kutoka Uzaramo hadi Kisunzi cha Leo



Siku hizi zikibaki wiki chache kabla ya nikaha, bibi harusi wengi huacha kula. Asubuhi maji ya ndimu na tangawizi, mchana yai moja la kuchemsha, usiku tango. Haufiki mwisho wa wiki ya pili, kisunzi kimeanza. Akiinuka kutoka sijda giza linatanda machoni, mikono inatetemeka, kichwa kinagonga, na anamgombeza mdogo wake bila sababu. Akiuliza huambiwa avumilie, eti hayo ni mafuta yanayeyuka.

Dada yangu, kizunguzungu hicho si dalili ya mafuta kuyeyuka. Na kumshindisha njaa bibi harusi si mila yetu. Kwa vizazi vingi katika pwani hii, wiki hizo hizo zilikuwa wiki za kumlisha mwali. Ili tuelewe tumefikaje hapa, tuvuke bahari kidogo twende Bara, katika nchi ya Wazaramo, upande wa Kisarawe na Kibaha. Huko mila ya kumtunza mwali iliandikwa kwa undani, na wengi wetu visiwani tutaona inafanana na yale tuliyosikia kwa bibi zetu.

Mwali wa Kizaramo

Binti wa Kizaramo alipovunja ungo aliwekwa ndani. Toka siku hiyo akaitwa mwali. Hakutoka kucheza, hakwenda shamba, hakupigwa na jua. Zamani kukaa huko ndani kulichukua miezi mingi, na kwa wengine hata zaidi ya mwaka. Wanawake wakubwa walimfundisha adabu, usafi, na mambo ya ndoa na uzazi. Alipewa mwana hiti, sanamu ndogo ya mti, aitunze kama anavyotunzwa mtoto. Ngoma yake ilichezwa kwenye mti wa mkole, na siku ya kutolewa nje alipambwa, akashangiliwa na ukoo mzima. Mara nyingi ndoa ilifuata baada ya hapo.

Muda wote huo alikuwa akila. Alitarajiwa atoke amenawiri, ngozi inang'aa, mwili umejaa. Chakula kilikuwa kile cha nchi yenyewe: wali wa nazi, muhogo na bada, kunde na mbaazi, kisamvu cha nazi, samaki na kuku kwa mwenye uwezo. Mwali aliyetoka amekonda aliwatia aibu waliomlea, kwani watu wangesema hakutunzwa.

Mtafiti Marja-Liisa Swantz kutoka Finland aliishi na Wazaramo katika kijiji cha Bunju, kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia mwaka 1965 hadi 1970. Kitabu chake juu ya ibada na alama za Wazaramo kilitoka mwaka 1970, na mwaka 1995 akatoa kingine ambacho jina lake linataja damu, maziwa na kifo. Jina hilo linatosha kutuonyesha wazee wale waliuonaje mwili wa mwanamke. Mwali alikuwa akiandaliwa kubeba mimba na kunyonyesha, na mwili usio na akiba ungebebaje mimba? Hawakuwa na maabara ya kupima wingi wa damu, lakini walijua damu inatoka chunguni.

Kwa nini mwili uliojaa ulikuwa fahari

Pia tukumbuke kwamba watu hawa waliijua njaa. Nzige waliharibu mashamba ya pwani katika miaka ya 1890. Kuanzia mwaka 1902 Wajerumani walilazimisha mashamba ya pamba katika wilaya ya Dar es Salaam, watu wakaacha vyakula vyao wakalima zao la mkoloni. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 vilileta njaa kubwa kusini, na Vita Kuu ya Kwanza ikaongeza dhiki. Kwa watu waliopita humo, wembamba ulikuwa alama ya ugonjwa na ufukara. Binti aliyejaa aliwatangazia wageni kwamba nyumba hii ina chakula na binti wao anapendwa.

Kwetu visiwani nako bibi harusi alifichwa, akasingwa kwa singo na liwa, akafukizwa udi, akafundwa na somo wake. Baada ya harusi ikaja fungate, siku saba za maharusi kukaa ndani na kuletewa vyakula vizuri. Hakuna somo aliyemwambia mwari wake ashinde na maji ya ndimu.

Wala si Afrika peke yake. Tumepokea katika Hadithi, katika mikusanyiko ya Abu Daud na Ibn Majah, kwamba Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alisimulia jinsi mama yake alivyotaka anenepe kabla ya kupelekwa kwa Mtume, rehma na amani zimshukie. Vilijaribiwa vitu kadhaa, na kilichomfaa kikawa matango pamoja na tende mbichi. Tango lile lile ambalo bibi harusi wa leo analila peke yake ili apungue, huko Madina liliandamana na tende ili mwili ujae.

Hatusemi kwamba kila kitu cha zamani kilikuwa kizuri. Kumficha binti miezi na miezi kulimnyima jua, na mwili unahitaji jua ili kutengeneza vitamini D ya mifupa. Kulimnyima pia shule. Serikali ilipotangaza elimu ya msingi kwa wote, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1977, ilibidi siku za kukaa ndani zipungue, na hilo lilikuwa jema.

Kibaha na somo la lishe

Wakati mila ikibadilika Kisarawe, jirani yake Kibaha kulikuwa kunaanza jambo jipya. Mwaka 1963 Tanganyika ilishirikiana na nchi za Denmark, Norway, Sweden na Finland kuanzisha mradi uliokusanya mahali pamoja shule, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya pale Tumbi. Mwaka 1970 mradi ukakabidhiwa kwa serikali, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Wazo lake lilikuwa rahisi: maradhi, ujinga na umasikini vinapigwa kwa pamoja, na shamba na zahanati ni ndugu.

Mwaka 1973 ilianzishwa kwa sheria Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Mwaka huo huo ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wakakaa katika vikundi kusikiliza redio na kujadili namna ya kujikinga na maradhi. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Mama zetu waliokuwa wasichana wakati huo waliambiwa wachanganye vyakula: cha kutia nguvu, cha kujenga mwili na cha kulinda mwili. Hakuna aliyewaambia wachague kimoja na kukimbia vingine.

Dayati ilitoka wapi?

Mlo wa kujinyima una historia yake, na haikuanzia kwetu. Mwaka 1863 William Banting wa London, mtengeneza majeneza, alichapisha kijitabu akieleza alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari na viazi. Mwaka 1921 daktari wa Marekani Russell Wilder alipendekeza mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo sana kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa, chini ya uangalizi wa hospitali. Ndio huo leo unaitwa keto, na unafuatwa na mabinti wasio na kifafa wala daktari. Katika miaka ya 1970 Wamarekani wengi walikunywa protini ya maji badala ya chakula. Watu wapatao 60 wakafa, wengi wao kwa mapigo ya moyo kuvurugika.

Lakini jaribio linalotuhusu zaidi ni la Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1944 na 1945. Mtaalamu Ancel Keys alitaka kujua jinsi ya kuwalisha watu waliokumbwa na njaa ya vita. Vijana 36 wa kiume, wenye afya njema, walijitolea kula kidogo kwa wiki 24, wastani wa kalori 1,570 kwa siku. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walipata kizunguzungu, baridi isiyokwisha, uchovu, nywele kunyonyoka na miguu kuvimba. Walikuwa wakali na wenye huzuni, na mchana kutwa mawazo yao yalikuwa chakula.

Sasa hesabu. Yai moja la kuchemsha lina kalori kama 75. Mlo wa bibi harusi niliouelezea hapo juu haufiki hata kalori 200. Wale vijana waliosemwa kuwa wanashinda njaa walikula mara saba na zaidi ya hivyo.

Kisunzi kinatokana na nini

Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia maji kiasi cha gramu 3. Ukiacha kula, akiba inatumika na maji yake yanatoka kwa mkojo, pamoja na chumvi. Kwa hiyo kilo zinazopungua wiki ya kwanza nyingi ni maji. Damu inapungua wingi mishipani, presha inashuka, na ukisimama ghafla damu haifiki kichwani kwa wakati. Ndipo giza linapotanda. Sukari ya damu nayo ikishuka, unatetemeka na kutoka jasho la baridi.

Wanaoongeza sanamaki au chai za kuendesha tumbo wanajidhuru maradufu. Hazitoi mafuta. Zinatoa maji na potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa.

Kisha kuna yanayokuja polepole. Hedhi inaweza kuruka au kukatika. Kupungua kwa kasi kunaweza kuleta vijiwe vya nyongo. Nywele huanza kunyonyoka miezi miwili au mitatu baadaye, wakati picha za harusi zimeshabandikwa ukutani. Na damu inapungua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 Tanzania wana upungufu wa damu. Wengi wetu tunaanza mlo wa njaa hali damu tayari haitoshi. Maharusi wengi hushika mimba miezi ya mwanzo, na mtoto anahitaji madini chuma na asidi ya foliki tangu siku zake za kwanza tumboni, kabla mama hajajua kama ni mjamzito. Hapa bibi wa Kisarawe na daktari wa leo wanasema neno moja.

Basi tufanyeje?

Ni kweli uzito mkubwa nao una madhara. Wanawake wenye uzito uliozidi Tanzania walikuwa 11 kwa 100 mwaka 1991-92, wakafika 28 kwa 100 mwaka 2015-16, na sukari na presha zimefuata nyuma. Anayehitaji kupungua apungue, lakini kwa nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, aanze miezi kadhaa kabla, apunguze soda, vitumbua vya mafuta na sahani ya pili ya pilau, na atembee kila siku. Abakize samaki, maharage, kisamvu, matunda na kiasi cha wali au muhogo. Mwenye sukari, presha au anayenyonyesha amwone daktari kwanza.

Kisunzi kikikushika, kaa au lala uinue miguu. Kunywa maji, na kama unatetemeka kula tende mbili tatu, kisha ule chakula kamili. Ukizimia, moyo ukienda mbio, kifua kikiuma au hedhi ikikatika, usingoje harusi ipite. Nenda hospitali.

Na usijidanganye kwamba kushinda njaa ni ibada. Saumu yetu ina daku na ina futari, na Mtume, rehma na amani zimshukie, alikataza kuunganisha saumu siku hadi siku bila kufuturu. Alifundisha tumbo ligawiwe: sehemu ya chakula, ya maji na ya pumzi. Sehemu ya chakula ipo. Mwili nao una haki juu ya mwenyewe, tumefundishwa hivyo.

Masomo na mama wa maharusi, nanyi mna kazi. Gauni likibana, fundi yupo, kitambaa kinaongezwa. Msimwambie binti kwamba amenenepa wiki mbili kabla ya harusi yake. Mpikieni, mkae naye ale, kama walivyokaa wenzenu na mwali kule Uzaramo.

Allah awape maharusi wetu afya, damu ya kutosha na ndoa zenye utulivu. Amin.